Kanga ya Bi Mize

Siku ya tatu ya msiba wa Bi Mize, Raya aliuliza swali ambalo sote tuliokuwa tumekaa mkekani tulilijua jawabu lake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitoa. Raya ni binti wa marehemu, na ni shoga yangu tangu tulipokuwa darasa moja. Alikuwa ameingia jana yake kutoka Maskati, anakoishi tangu aolewe, na mazishi hakuyawahi. "Ipo picha ya mama?" aliuliza. "Yoyote tu. Nimetafuta simu yangu yote, sina hata moja." Wanawake wakatazamana. Bi Mize alikuwa hapigwi picha. Si kwamba alikuwa na hoja ya dini. Alikuwa hataki tu, na Bi Mize akisema hataki, yamekwisha. Harusini akiona simu imeinuliwa, naye huinua upindo wa kanga usoni, na ukimbembeleza hukuambia kwamba sura yake anayo mwenyewe, wewe yako inakutosha. Picha ya kitambulisho ilikuwepo, lakini kitambulisho alikuwa akikifunga kwenye pindo la kanga, akakifua pamoja na kanga yenyewe mara mbili au tatu, na pale penye sura pamebaki doa jeupe lililojitanda mtandio. Aliyejibu kwa niaba yetu ni mke mwenza wa marehemu, Bi Fatma wa Vitongoji, bibi wa miaka themanini na kitu, ambaye hakuondoka ubavuni mwa Raya tangu alipofika. "Hakuna, mwanangu," alisema. "Mamako hakuwacha." Nami nikatikisa kichwa pamoja na wengine, mimi ambaye Wawi nzima ikitaka picha ya harusi huja kwangu. Raya akasema haidhuru, akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Nilirudi kwangu na ile "haidhuru" imenikaa masikioni. Asubuhi yake nilikuwa naanika mashuka uani, upepo ukalichukua moja, nikalidaka kwa pembe na kulivuta lisiruke. Nikabaki nimesimama pale pale, pembe ya shuka mkononi, mpaka mwanangu akaniuliza kama nimeumwa na nyuki. Sikuwa nimeumwa na kitu. Nilikuwa nimekumbuka mwaka wa karafuu nyingi, mwaka tuliomaliza kidato cha nne, na mchana mmoja katika uwa wa Bi Mize nilipopiga picha za watu kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Ukoo wangu nauacha, hauhusiki. Inatosha kusema kwamba mjomba wangu alirudi safari na kamera mkobani, akagundua kwamba haijui, akanipa mimi kwa sababu ndiye niliyekuwa nikiitazama sana. Ilikuja na kijitabu cha lugha nne. Mojawapo ilikuwa Kiingereza, lakini Kiingereza changu cha skuli kilitosha kueleza sungura alivyomdanganya fisi, hakikutosha kueleza mwanga unavyoingia katika kioo. Kwa muda wa miezi mitano nilipiga kuku, nikapiga mihogo, nikapiga kisima. Kuku walitoka ukungu mtupu. Kamera ile ilikuwa ya kukadiria: unatazama kitu, unajiambia kiko hatua kadhaa, unazungusha duara la namba mpaka kwenye umbali ule, na ukikosea umekosea. Baada ya hasara nyingi nilibuni dawa yangu. Nilichukua uzi wa kushonea magunia, nikaufunga kwenye kamera, nikapima mita mbili kwa rula ya skuli, nikatia fundo. Ukitaka kupiga kitu, unaupeleka uzi mpaka fundo liguse, unaurudisha, unapiga. Kuku hawakukubali kuguswa, lakini mihogo ilianza kutoka safi.

Mwaka ule wenzangu walikuwa na jambo lao. Siku ya mahafali skuli ilikuwa ikileta mpiga picha wa kupiga kundi zima, walimu mbele, wanafunzi nyuma, na kila sura inatoka ndogo kama punje ya choroko. Sisi tulitaka kila mtu picha yake peke yake, kwa sababu ilikuwa ni ada ya wanaomaliza: unampa shoga yako picha, nyuma yake umemwandikia maneno ya kumbukumbu, naye anakupa yake, na hapo ndipo mnapojua nani alikuwa shoga wa kweli na nani alikuwa wa kuazimana peni. Wavulana walikwenda studio Chake Chake, wakarudi wamepigwa wakiwa wameegemea nguzo ya mbao. Mama zetu studio hawakuitaka. Walikuwa wamesikia kwamba yule mpiga picha humshika mtu kidevu kwa kidole akamgeuza uso, na kidole cha mwanamume kwenye kidevu cha mwari ni jambo ambalo hata ufafanue vipi halifafanuki. Raya ndiye aliyesema, mbele ya darasa, "Si yupo Riziki na kamera yake?" Wasichana kumi na tisa wakanigeukia. Nilitaka kusema kwamba mimi ni mtu wa mihogo, lakini nilikuwa na miaka kumi na minane na sikuwahi kugeukiwa na watu kumi na tisa kwa mpigo, nikasema inawezekana.

Mama wakakubali kwa masharti: nguo ziwe za skuli, mitandio myeupe, na mahali pawe kwa Bi Mize. Hilo la mwisho lilikuwa muhimu kuliko yote, maana kwa Bi Mize hakuharibiki kitu. Naye alikuwa na haja yake. Raya alikuwa ameshaposwa na binamu yake aliyeko Maskati, na mama wa mume alikuwa hajamwona tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa. Alikuwepo mtu wa kusafiri Jumamosi ile, na Bi Mize alitaka picha ya Raya itangulie, picha nzuri, ya heshima, ili yule mama ajue anayeletewa ni nani. Alinikalisha jikoni kwake akanieleza hayo akiwa anakaanga mikate ya chila, na kila alipotaka kukazia neno alinielekezea upawa. "Watu watamwangalia mwanangu kwa picha hino kabla hawajamsikia sauti," alisema. "Basi n'tolee picha ambayo mie nkiulizwa, sioni haya." Nilikula chila sita, za moto, na kila moja iliongeza uzito wa kazi.

Nyumba ya Bi Mize naiona mpaka leo kuliko ninavyoiona hii ninayokaa. Chumba chake cha nyuma kilikuwa na kitanda kirefu cha kupandia kwa kigoda, kioo chenye madoa kama uso uliopona ndui, na magunia ya karafuu yaliyopangwa mpaka dirishani, ukiingia pua inafunguka hata kama una mafua. Mlango wa chumba kile unatoka uani, na uani kumetandikwa majamvi ya karafuu zinazoanikwa, za asubuhi bado za kijani, za juzi zimeshaiva wekundu wa tofali. Mahali pa kupigia palibaki pembe moja tu, kwenye kivuli cha paa, mbele ya mlango wenyewe. Nilitaka kitambaa cha nyuma, kwa sababu wavulana walikuwa na pazia lililochorwa mlima, nasi tusionekane tumetoka porini. Bi Mize akaingia ndani akatoka na kanga mpya mpya, ya rangi ya maziwa na maua mekundu pembeni, akaifunga kwenye kamba ya kuanikia, mbele ya mlango. Nilimwambia ni nzuri. Ilikuwa nzuri kweli.

Wasichana walijazana chumbani wakipakana poda na wanja mbele ya kile kioo, na tuliita mmoja mmoja. Kila aliyeitwa alipita nyuma ya kanga, akazunguka ubavuni, akakaa kwenye kigoda akiipa kanga mgongo. Kazi ya uzi aliibeba Bi Mize. Nilimpa fundo, naye alilipeleka mpaka kwenye ncha ya pua ya msichana, akalibonyeza kidogo kama anayetia muhuri, akasema, "Pua imefika," nami nazungusha namba. Kisha upepo ukaanza. Kanga ilivimba, ikampiga Zuwena kisogoni, ikamvua mtandio. Bi Mize akavuta kiti akakaa pembeni, nje ya picha, au ndivyo nilivyodhani, akaikamata kanga kwa pembe ya chini na kuivuta sawasawa. Alikaa hivyo saa mbili nzima, akitoa amri. "Weye, funga mdomo, hupigi mswaki." "Mwana wa Kombo, cheka kidogo, hujafiwa." Alipofika Raya, Bi Mize hakutoa amri yoyote. Alinyoosha mkono mwingine akamrekebisha mtandio, akauacha mkono pale begani mwa mwanawe kitambo, na mimi nikapiga.

Tulipommaliza msichana wa kumi na nne, tone likaanguka kwenye mkono wangu. Ukitaka kujua Mpemba ni nani, mwangalie karafuu zake zimeanikwa na mvua inakuja. Mitandio myeupe yote kumi na tisa ilitoka chumbani kwa mara moja, waliopigwa na wasiopigwa, poda usoni, wanja jicho moja, wakapiga magoti kwenye majamvi na kuzoa kwa mikono. Mtu alimpita mwenzake mbio na gunia, mtu alikuwa anacheka hawezi kusimama, Bi Mize yuko katikati ameshika jamvi kwa meno. Nami nilisimama na kamera kifuani, nikiihifadhi filamu yangu kwa sababu ilikuwa moja tu na ina hesabu. Katika picha zote nilizowahi kuziacha, ile ndiyo ninayoijutia. Mvua ilikuwa ya kupita, haikuloanisha hata vumbi, lakini wasichana watano wa mwisho katika picha zangu wana vidole vya rangi ya karafuu na sura za watu waliotoka kushinda vita. Halafu tukala, mihogo ya nazi na samaki ng'onda wa kukaanga kwenye sinia tatu, na Raya akasema mimi mwenyewe sijapigwa. Nikakaa kwenye kigoda, Bi Mize akashikishwa kamera, akaniuliza abonyeze wapi, akabonyeza kabla sijamaliza kumwambia.

Studio ya Chake Chake ilikuwa ya Mzee Sleyum, huyo huyo wa kidole na videvu, ambaye nilipomjua nilimkuta ni mzee mpole mwenye pumu asiyeona vizuri, na kidole kile kilikuwa cha kutafutia uso uko wapi. Filamu za rangi zilikuwa zikipelekwa Unguja, lakini nyeusi na nyeupe alikuwa akizisafisha mwenyewe, katika chumba chenye taa nyekundu, na yangu ilikuwa nyeusi na nyeupe. Kwa ajili yangu alimwita mkewe akae nasi ndani, ili pasiwe na maneno, na mkewe akaja na kazi yake, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akimenya vitunguu thomu chini ya taa ile. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya Raya. Mzee Sleyum akaiangazia, akaitia kwenye beseni la dawa, akaniambia nitikise taratibu. Ikabaki nyeupe. Kisha kitu kikaanza kuja, cheusi, juu, na hakikuwa jicho wala nyusi. Yalikuwa maandishi. Yalikuja kabla ya sura, makubwa, yamenyooka vizuri kabisa juu ya kichwa cha Raya, maana kanga ilikuwa imevutwa sawasawa. Mzee Sleyum akainama mpaka pua ikakaribia dawa, akayasoma polepole: "Nimempata, mtabaki kusema."

Mkewe akaacha kumenya. Mzee Sleyum akaniuliza, bila ya kejeli, kama mtu anayetaka kujua, "Mwanangu, hawa ni wasichana wa skuli au ni wake wenza?" Tukatoa ya Zuwena. Nimempata, mtabaki kusema. Tukatoa ya mwana wa Kombo, aliyetabasamu kama alivyoamriwa. Nimempata, mtabaki kusema. Tukatoa ile yangu aliyonipiga Bi Mize: kichwa changu hakimo kabisa, mabega yamo, na juu ya mabega maneno yametoka safi kuliko kwenye picha nyingine zote. Wasichana walikuwa wameipa kanga mgongo, walipoipita waliona upande wa nyuma. Bi Mize alikuwa amehitimu Kurani na barua zake akiziandika kwa herufi za Kiarabu, lakini hizi za skuli hakuzijua. Aliyekuwa akiitazama kanga ile uso kwa uso saa mbili nzima ni mmoja tu, naye alikuwa anahesabu filamu. Nilitamani nitumbukie kwenye beseni. Hapa kwetu kanga haisemi na ukuta. Mwanamke akiivaa, aliyeandikiwa anajijua. Na picha ya Raya ilikuwa inakwenda kwa mama mkwe.

Siku ile ile nikaenda kwa Bi Mize. Nilimkuta amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikamwambia kuna tatizo la jina la kanga. Akasema, "Ina jina gani?" Nikamsomea. Mkono ukasita. "Soma tena." Nikasoma tena. Akanitazama mimi, akaitazama kanga iliyokuwa imekunjwa kwenye kiti, akanitazama tena. "Mie kanga hino nlivutiwa na maua," alisema. Kisha midomo yake ikaanza kuhesabu kitu. "Riziki," alisema, "kanga hino n'lijitanda kwenda kwa mke mwenzangu Fatma. Siku aliyotahirisha mwanawe. Nkakaa pale kutwa, nkidhani napendeza, namchekea, nageuka huku na huku." Akaweka kifuu chini. "Ndo maana sikupata chai." Nikadhani atalia. Alicheka. Alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye mbuzi, chicha ikamrukia kwenye nywele, akawa anajaribu kusema neno anashindwa, anaonyesha tu mabega yake, alivyokuwa akigeuka huku na huku. Raya alikuja mbio akidhani mama amepatwa. Alipoelezwa, yeye ndiye aliyelia, kwa hasira, akasema mimi nimemuua na bora asiolewe. Bi Mize akajifuta machozi yake ya kicheko kwa mkono uleule aliomfutia Raya ya kilio. "La kuvunda halina ubani," alisema, "lakini hili bado halijavunda. Na weye," akanigeukia, "wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Weye ulikuwa nayo matatu."

Kesho yake Bi Mize alijitanda buibui akaja nami Chake Chake. Hakuwahi kuingia studio maishani mwake. Alisimama mlangoni, akamwamkia Mzee Sleyum, akamuuliza swali moja tu: "Zile za pasipoti, kichwa cha mtu unakipataje kikajaa karatasi nzima?" Mzee Sleyum akamtazama, akanitazama mimi, akaona haya kwamba hakuliwaza yeye. Tukaingia chumba chekundu, sasa tumekuwa wanne na vitunguu thomu. Mzee Sleyum akaipandisha mashine yake ya kukuzia picha juu kwenye nguzo, na sura ya Raya ikakua chini ya taa, maneno yakatoka nje ya karatasi kwa juu, kigoda kikatoka kwa chini, ikabaki sura tupu kutoka ukingo wa mtandio mpaka kidevu. Pembeni bado kulikuwa na kitu. "Na mkono huu?" aliuliza Mzee Sleyum. "Huu ulioshika kanga, na huu wa begani?" Bi Mize akaikurubia karatasi. "Ni yangu," alisema. "Itoe. Mikono yangu inakwenda kufanya nini Maskati?" Mzee Sleyum akaisogeza karatasi kidogo, na mikono ikatoka.

Siku ya mahafali zile picha zilipotolewa kwenye bahasha, kila mtu aliisogeza yake karibu na macho. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona sura yake kubwa kiasi kile. Picha za watu tulizozijua ni za mtu amesimama mbali, mikono ubavuni, na nyumba nyuma yake. Hizi zilikuwa macho. Mama wa Zuwena aliishika ya mwanawe kwa mikono miwili akauliza, "Huyu kidoti hiki anacho tangu lini?" na Zuwena akamwambia tangu azaliwe. Mwalimu mkuu aliniuliza nimejifunza wapi kumkaribia mtu namna ile, nami, Mungu anisamehe, nikasema nimejifunza mwenyewe. Jumamosi picha ya Raya ikasafiri, na jawabu likarudi kwamba mama mkwe amemwona na anasema macho haya hayasemi uwongo. Toka hapo nikawa Riziki wa picha. Nimepiga maharusi, nimepiga wazee, nimepiga watoto walioota jino la kwanza, na siku zote nakaribia sana, nakata kilicho pembeni, na watu husema huo ndio mtindo wangu. Mtindo wangu ni kanga ya Bi Mize. Raya alipoondoka, mama yake alinilipa kisasi kwa namna yake: kila Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri nilikwenda kwake nikamfundisha herufi za skuli, na kitabu chetu kilikuwa sanduku lake la kanga. Alisoma moja baada ya moja, akishangaa aliyokuwa akiyatembeza mitaani miaka yote. Ile ya maua mekundu alipoweza kuisoma mwenyewe, aliichana doti yake akapeleka upande mmoja Vitongoji, kwa miguu, pamoja na sinia la chila, akamweleza mke mwenzake kisa chote. Siku hiyo alipewa chai, na kuanzia siku hiyo ukimtafuta mmoja wao unaambiwa yuko kwa mwenzake.

Basi hayo ndiyo niliyoyakumbuka na shuka mkononi. Filamu ile ilikuwa kwenye bati la biskuti juu ya kabati, na bati hilo sikuwa nimelifungua sijui tangu lini. Unyevu wa kisiwa hiki hauna huruma, unakula vitabu, unakula viatu, nami nililiteremsha huku nikisema bismillahi kwa kila kidole. Vipande viwili vya mwanzo vilikuwa vimeganda pamoja, nilipovitenganisha ngozi ya picha ilibaki upande mwingine, Zuwena kapotea na kidoti chake. Cha tatu kilikuwa na ukungu wa fangasi. Cha nne nilikiinua dirishani, nikageuza rangi kwa simu ya mwanangu, weusi ukawa weupe na weupe ukawa weusi, na Raya akanitazama na miaka yake kumi na minane. Nikakaa chini. Mkono mmoja umeikamata pembe ya kanga, vidole vina hina kwenye ncha, pete ya akiki iko kidole cha kati, na juu ya kiganja lipo kovu la mafuta ya chila. Mkono mwingine uko begani kwa Raya, umetulia. Mimi nilikuwa nimepiga picha za Bi Mize, zaidi ya kumi, nikazikata zote, nikapata sifa kwa kuzikata. Nililia kidogo, sitaki kusema uwongo, na nilikuwa na furaha kuliko siku nyingi nilizozikumbuka.

Siku ya hitma niliiweka picha kwenye bahasha, nikaenda. Ilikuwa nzima, nimeitolea kwenye duka la steshenari Chake Chake, sikukata hata uzi. Wanawake walikuwa wamemaliza kula, sinia zinatolewa, na Raya yupo pale pale mkekani na Bi Fatma ubavuni. Nikampa. Aliitoa kwenye bahasha, akaona sura yake mwenyewe, akacheka kwa pua, akaona maneno, akacheka kwa sauti, na wanawake wakageuka kutaka kujua nini cha kuchekesha msibani. Kisha akashuka na macho mpaka begani, na kutoka hapo mpaka kwenye pembe ya kanga. Alikiweka kidole gumba chake juu ya lile kovu, akakiondoa, akakirudisha. "Ndiye," alisema. Ikapita mkono kwa mkono, na kila iliyemfikia aliinama, akaangalia pete, akaangalia kovu, akasema ndiye. Mtu mmoja akasema hata namna ya kukamata ni yake, kakamata kama anamwambia upepo nyamaza.

Mwisho ikafika kwa Bi Fatma. Alitafuta miwani yake kifuani, akaivaa, akaanza juu, akasoma jina la kanga herufi kwa herufi, na mabega yake yakaanza kutikisika. Akateremka mpaka kwenye mkono akakaa nao muda mrefu, sisi tunangoja, wala hakuna aliyemharakisha. Kisha akanirudishia picha.

"Nami n'tolee yangu," alisema. "Na maneno yake. Usikate kitu."